Neno la Mwenye Damu

Muuza mkaa ndiye aliyeileta habari, na aliileta akicheka. Alisimama mlangoni pa chumba cha tanuri, meno yote nje, kama mtu aliyetumwa kupiga mbiu ya harusi.

"Mama, wamempata! Kidoti wamempata! Alikuwa ndani ya tangi kuukuu nyuma ya karakana ya magari. Wamemtoa humo amejaa kutu kama msumari."

Mwokaji alikuwa anakanda unga, mikono imezama hadi karibu na viwiko. Hakuitoa. Aliligeuza donge, akalikunja, akalikandamiza kwa viganja, kana kwamba hakusikia kitu.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Hai, ndiyo! Wangemmalizaje bila wewe? Kamanda amesema wewe ndiye mwenye damu, aliyeuawa ni mumeo. Watu wamejaa kiwanja cha shule, wanakungoja wewe tu. Osha mikono, mama, twende."

Pembeni, mama mkwe wake aliacha kuchekecha unga. Tangu amzike mwanawe bibi yule alikuwa haongei ila kwa lazima, lakini sasa midomo ilimcheza. "Malipo ni hapa hapa," alisema. "Huko ahera ni hesabu tu." Akainuka, akaingia ndani kutafuta kanga yake ya kutokea.

Binti wa Mwokaji hakungoja kanga wala viatu. Alivua aproni, akaitupa juu ya meza yenye unga, akatoka mbio.

Huyo Kidoti waliyekuwa wakifurahia kukamatwa kwake, nyumba ile haikumjua kama adui. Ilimjua kama mtu wa jikoni. Jina lilitokana na doti jeusi alilozaliwa nalo chini ya jicho. Yeye na Mwokaji walianza kuchoma mikate pamoja wakiwa wasichana ambao hawajaposwa, wakaolewa, mmoja akazaa na mwingine hakuzaa, na tanuri likabaki lao. Binti alimwita mama mdogo. Hakuna aliyemfundisha, aliokota mwenyewe neno hilo alipoanza kusema.

Kisha watu wa vitambaa vyeusi wakauteka mji. Walikuwa wanatafuta madereva wa kuwabebea mizinga, na mume wa Mwokaji alikuwa dereva wa lori la unga. Alikataa, akapanda darini juu ya tanuri, mahali palipozoea kuwekwa magunia yasipate unyevu, akakaa humo akiiva taratibu kama mkate. Waliojua ni mkewe, mama yake, bintiye, na Kidoti, ambaye ndiye aliyekuwa akimpandishia maji.

Asubuhi moja askari waliingia. Mtu anayetafuta hupekua. Wale hawakupekua. Hawakufunua kitanda, hawakufungua kabati, walikwenda moja kwa moja kwenye ngazi. Walimshusha, wakamtoa uani, wakampiga risasi penye rundo la kuni.

Kidoti alilia kuliko wafiwa. Alifua nguo za msibani, aliwapikia waliokuja kuhani, na Mwokaji alipoanguka ni yeye aliyempakata kichwa mapajani na kumpepea. Haikupita muda akaanza kukosa kazini, mara anaumwa, mara ana mgeni, mwishowe hakuja kabisa. Ndipo askari mmoja wa vitambaa vyeusi, aliyefuata mkate wake wa bure, akamwambia Mwokaji huku anatafuna, "Yule mwenzako mwenye doti ni mtu muungwana. Hakutusumbua."

Mwokaji hakuamini alichosikia, au tuseme aliamini nusu. Ile nusu nyingine aliijaza mwenyewe. Alijisemea kwamba walimtesa. Akikanda unga alikuwa akimwona Kidoti amefungwa kwenye kiti, nyayo zake zikichomwa kwa makaa, akikataa, akikataa, hadi mwili ukamshinda. Siku nyingine alizililia nyayo zile. Ilikuwa rahisi kuzililia kuliko kukaa na lile neno "muungwana".

Sasa mji ulikuwa umegeuka tena. Vitambaa vyeusi wamevuka daraja wakakimbilia upande wa pili, na vijana wa Kamanda wameingia wakipiga risasi hewani. Mwokaji alinawa mikono, akaikausha kwa gauni, akatoka.

*

Kamanda huyo kila mtu alimjua kabla hajawa kamanda. Alikuwa utingo wa marehemu. Ndiye aliyekuwa akining'inia nyuma ya lori, akipanga magunia, akitumwa soda na sigara. Vita vilimpa bastola na miwani myeusi, na sauti mpya ambayo ilikuwa bado haijamkaa vizuri, kama suruali ya kuazima. Tangu aingie mjini, Mwokaji alikuwa akiwaokea vijana wake kwa unga wake mwenyewe, na malipo yake yalikuwa kuitwa "mama yetu".

"Mama yetu huyo!" Kamanda alipaaza sauti alipomwona. "Mpisheni!"

Watu walimpisha. Wengine walimgusa bega, wakamwambia pole, kana kwamba mumewe amekufa asubuhi hiyo. Katikati ya kiwanja, penye mlingoti wa bendera, Kidoti alikuwa amekaa chini, mikono nyuma. Walikuwa wamemnyoa nusu ya kichwa. Nusu ya pili waliiacha makusudi ili achekwe, na alikuwa anachekwa. Mwuguzi wa zahanati, mama mtu mzima ambaye kwa kawaida hupunguza sauti hata akisalimia, alikuwa ameokota jiwe na kulishika kiganjani bila kujua la kulifanyia.

"Sikilizeni!" alisema Kamanda. "Sisi si kama wale. Sisi tuna utaratibu. Marehemu alikuwa bosi wangu, alikuwa kaka yangu, kila mtu anajua. Ningetaka, ningemmaliza huyu mwenyewe. Lakini mwenye damu ndiye mwenye neno. Mama akisema afe, atakufa. Mama akisema aishi..." Alinyanyua mabega, akatabasamu. "Ataishi! Mimi nani hata nimkatalie mwenye damu?"

Kicheko kikapasuka kiwanja kizima, maana walielewa kuwa huo ni utani.

Mwokaji hakucheka. Alikuwa anamtazama Kidoti, na Kidoti alikuwa anatazama chini.

"Nataka kuzungumza naye kwanza," alisema.

"Kuzungumza?" Mama mkwe alimgeukia. "Kuna nini cha kuzungumza na huyu? Mwanangu alipewa nafasi ya kuzungumza?"

"Dakika chache tu, mama."

"Mwulize hapa hapa, sote tusikie!" sauti moja ilidakia.

"Nazungumza naye peke yangu," Mwokaji alisema, "au mtafute mwenye damu mwingine."

Kamanda aliona watu wanamtazama, akafanya haraka kuonekana mkarimu. "Mpelekeni chumba cha madawati. Mama ana haki."

*

Kilikuwa chumba cha kuwekea madawati mabovu, yamepandiana hadi darini, miguu juu. Kijana mmoja alimsukuma Kidoti ndani, akavuta mlango. Mwanga ulikuwa unaingia kwa dirisha moja dogo. Wanawake wale wawili, ambao walikuwa wameshazoea kukaa bega kwa bega kwenye benchi moja, sasa hawakujua wakae wapi.

Mwishowe Kidoti alijikalisha sakafuni, miguu ameinyoosha, na Mwokaji akaitazama.

Ilikuwa na vumbi na kutu, na ukucha wa dole gumba ulikuwa umebanduka kwa kukimbia. Basi. Nyayo zilikuwa nzima. Hazikuwa na kovu wala alama.

"Walikufanya nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Wale. Siku waliyokuuliza. Walikufanya nini?"

Nje watu walikuwa wameanza kuimba.

"Nijibu. Walikupiga?"

"Hapana, dada."

"Walikuchoma?"

"Hapana."

"Walisema watakufanya nini? Walikuelekezea bunduki?"

"Walikuwa nazo. Hawakunielekezea." Aliongea taratibu, kama mtu anayejitoa mwiba mwenyewe. "Nilikuwa nimebeba sinia la mikate ya asubuhi. Walinisimamisha pale kona ya fundi baiskeli. Mmoja alichukua mkate, akawa anakula. Mwingine akaniuliza, yule dereva wa unga siku hizi yuko wapi? Aliuliza hivyo tu, kama unavyomwuliza mtu habari za nyumbani. Nikasema yuko juu ya tanuri."

"Ukasema."

"Nikasema."

"Hivyo tu?"

"Niliogopa, dada. Niliona nikisema sijui, wataniuliza mara ya pili. Na wakiniuliza mara ya pili, watakuwa wameshajua kwamba mara ya kwanza nilificha. Nilitaka wasifike mara ya pili."

Mwokaji aliegemea madawati. Dawati moja liliteleza likalia, na kijana wa mlangoni akachungulia, akarudi.

"Nilidhani watamchukua akawaendeshee gari tu," Kidoti alisema. "Wallahi nilidhani hivyo. Kuendesha gari si kufa."

"Kisha ukaja msibani."

"Nilikuja."

"Ukanipakata kichwa."

"Nilikuwa nalia kwelikweli. Sikuigiza hata chozi moja. Nilikuwa nasema moyoni, nitamwambia leo, nitamwambia kesho. Na wewe ulikuwa unaniambia, bila wewe mdogo wangu ningekufa."

Hapo ndipo Mwokaji alipotaka kumpiga, na si kwa kumsaliti mumewe. Alitaka kumpiga kwa sababu ya zile nyayo nzima. Ulimwengu huu, mtu anaweza kuuza nyumba yako kwa woga wa swali la pili, kisha akaja kukufulia nguo za msiba! Angalau wangemtesa. Angalau angekuwa na sababu, chuki, wivu, chochote chenye uzito wa mtu aliyekufa. Lakini mumewe alikuwa amekwenda kwa bei ya salamu ya njiani.

"Afadhali ungenidanganya," alisema. "Hata leo. Ungesema walikuchoma, ningekuamini. Nilikuwa nimeshakuamini kabla hujasema."

"Nimechoka kukudanganya, dada."

"Usiniite dada."

Alifungua mlango akatoka, na alitoka ameshakata shauri. Afe. Hakuwa na hasira tena. Alijihisi mkavu tu, kama gunia lililokung'utwa. Afe, nami nikaoke mikate.

*

Jua lilimchoma macho, na kwa muda hakuona vizuri. Kisha akamwona bintiye.

Binti alikuwa amesimama mbele ya Kamanda, mguu mmoja mbele, mguu mmoja nyuma, na mikononi alikuwa na bunduki. Kamanda alikuwa amemsimamia kwa nyuma, anamrekebisha kitako cha bunduki begani.

"Bana hapa. Ukiiachia itakupiga taya. Ehee. Sasa vuta pumzi, uishike. Umeona? Ana kipaji huyu! Baba yake alikuwa hivi hivi, ukimwonyesha mara moja amejua."

"Hivi?" Binti aliuliza.

"Hivyo hivyo, mdogo wangu."

Binti akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo la mtoto aliyesifiwa na mwalimu, na lilipotoka usoni halikuacha kitu nyuma yake. Mwokaji aliyajua macho ya mwanawe akiwa na homa, akiwa na njaa, akidanganya, akilia kwa ajili ya baba yake. Macho haya hakuyajua. Yalikuwa yamepima mlingoti, yamepima umbali, yanangoja tu kitu cha kuwekwa katikati.

"Nani kampa bunduki?" alisema.

"Nimeomba mwenyewe," Binti alijibu bila kumtazama. "Wewe sema neno tu, mama. Mimi ndiye nitafanya. Bibi ameshanibariki."

Mama mkwe alitikisa kichwa kukubali, machozi yanamtiririka kwenye mikunjo ya uso. "Ni mtoto wake," alisema. "Nani mwingine?"

Kidoti aliletwa, akasimamishwa penye mlingoti. Wimbo ulikatika. Muuza mkaa alikuwa amempandisha mtoto wake mabegani ili aone vizuri.

"Basi, mama," alisema Kamanda kwa sauti ya mkutano. "Neno."

Mwokaji alitembea hadi mbele ya bintiye, akasimama baina ya mdomo wa bunduki na mlingoti. Si kwa ushujaa. Alitaka tu yale macho yamwone yeye.

"Neno langu ni aishi," alisema.

Kwa muda hakuna aliyejua afanye nini na neno hilo. Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mwendelezo wa ule utani.

"Mama, hawakukusikia," Kamanda alisema.

"Wamesikia. Aishi. Avuke daraja aende kwa wale aliowaogopa. Asibaki katika mji huu."

Ndipo kelele zilipolipuka. Msaliti! Kahongwa! Huyu naye ni wao! Mwuguzi wa zahanati alikuwa analia na kusema, "Na sisi je? Na wetu je? Kwani waliokufa ni mumeo peke yake?" Na hilo lilimwingia Mwokaji kuliko matusi yote, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kamanda alimshika mkono akamvuta pembeni, tabasamu bado limebandikwa kwa ajili ya watu. "Unaniaibisha," alisema kwa chini. "Hili jambo halikupaswa kufika huku. Rudi useme unalotakiwa kusema."

"Ulisema mbele ya watu mwenye damu ndiye mwenye neno."

"Nilisema! Mtu husema! Sasa nikisema mama amechanganyikiwa kwa majonzi, nikamwachia binti, utafanya nini?"

Mwokaji alimsogelea hadi pumzi zao zikagusana. Kwa mbali ungedhani anamshukuru.

"Siku mji ulipoanguka, wewe na mume wangu mlikuwa mmekubaliana mwondoke pamoja kwa lori," alimwambia. "Alikuwa amefunga mizigo. Alikaa kitandani amevaa viatu. Alfajiri tulisikia injini ikipita mbele ya nyumba. Haikupunguza hata mwendo. Mume wangu alisema, labda amesahau. Akavua viatu, akapanda darini."

Nyuma ya miwani myeusi hakukuwa na namna ya kujua Kamanda anatazama wapi.

"Bibi hajui," Mwokaji alisema. "Watu hawa hawajui. Wewe na Kidoti, mtu mmoja aliuawa kwa woga wenu ninyi wawili. Leo natakiwa kumwua mmoja na kumwokea mwingine mikate. Mwache apite."

Upepo ulipeperusha kamba ya mlingoti, ikawa inagongagonga chuma. Kisha Kamanda alimwachia mkono, akawageukia watu.

"Mimi nimetoa neno langu, silirudishi," alitangaza, na sauti yake ilikuwa imepungua, imekuwa ya utingo. "Mama atamfikisha darajani mwenyewe. Vijana wangu hawamgusi. Lakini hawamlindi pia."

Akachukua bunduki mikononi mwa Binti. Ilibidi aivute mara mbili.

*

Kutoka shuleni hadi darajani ni barabara moja, inapita katikati ya maduka. Siku za kawaida Mwokaji aliipita na sinia kichwani, akisalimiwa kila mlango. Sasa alikuwa anaipita na Kidoti ubavuni, amemshika kiwiko, na kila mlango ulikuwa na mtu.

Mwanzo walirusha maneno. Baadaye wakarusha maji ya kufulia, maganda, mchanga. Mwenye duka la vitambaa, aliyewahi kumkopesha Mwokaji shuka ya kumzikia mumewe na akakataa kulipwa, alitoka hadi barabarani, akamtemea mate Kidoti. Yaliangukia bega la Mwokaji. Mwenye duka alisita kidogo, akayatazama. "Basi sawa," akasema. "Nawe pia."

Jiwe moja lilimpata Kidoti mgongoni, akapiga magoti. Mwokaji alimwinua. La pili lilimpata Mwokaji sikioni. Hakugeuka kutazama nani amelirusha. Aliogopa atamtambua.

"Waache waniue," Kidoti alisema huku anahema. "Utaumia bure kwa ajili yangu."

"Tembea."

"Kwa nini unafanya hivi?"

"Nimesema tembea."

Darajani palikuwa na mapipa na magunia ya mchanga, na vijana wa Kamanda waliowatazama kama watu wanaotazama mvua. Baada ya mapipa daraja lilikuwa tupu hadi upande wa pili, ambako vitambaa vyeusi walikuwa nyuma ya mapipa yao wenyewe. Hapo Kidoti alijitupa chini, akamshika miguu.

"Mungu akulipe, dada. Umenisamehe. Sikustahili, umenisamehe."

Mwokaji alijinasua kwa nguvu hivi kwamba mwenzake alianguka kifudifudi.

"Sijakusamehe," alisema. Alishangaa kusikia sauti yake ilivyokuwa ya kawaida, sauti ya kuulizia chumvi. "Usiende huko ukawaambia watu nimekusamehe. Ukifa huko sitakulilia, na ukiishi usinitumie salamu. Mimi sikutaka ufe kwa mkono wa mwanangu. Ni hilo tu nililokupa. Usiliongezee kitu."

Kidoti aliinuka. Usoni alikuwa na mchanga, na doti lake lilikuwa limepotea ndani ya uchafu, hata ungedhani ni mwanamke mwingine.

"Na nisipopokelewa?"

"Waambie wewe ni mtu muungwana. Watakukumbuka."

Akageuka, akaanza kurudi mjini. Hakungoja kuona kama alivuka.

*

Nyumbani, mama mkwe alikuwa ameshafunga mzigo wake. Alikuwa amekaa juu yake uani, mgongo ameupa rundo la kuni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Dada yako ana chumba kimoja."

"Kitanitosha." Bibi alimtazama mkwewe sikio lililovimba, akatazama kando. "Walipomwua mwanangu, nilisema Mungu ameninyang'anya. Lakini nilibakiwa na kitu kimoja, wewe. Nilisema, angalau kuna mtu mwingine ambaye kifo hiki kinamuuma kama kinavyoniuma mimi. Kumbe niko peke yangu."

"Kinaniuma, mama."

"Hakikuumi. Kingekuuma usingeweza kumshika kiwiko ukamtembeza barabarani kama bibi harusi."

Mwokaji alikuwa na la kusema. Angeweza kumwambia juu ya lori, juu ya viatu alivyovaa mwanawe kitandani akingoja. Bibi angempata mwingine wa kumlaani, na huenda mzigo ungefunguliwa. Lakini alikuwa ameshalitumia neno hilo, na alilitumia kwa biashara. Badala yake alitaka kumsaidia kubeba mzigo, bibi akamzuia mkono.

Binti hakuondoka. Alihamisha godoro lake kutoka chumba walichokuwa wakilala wote, akaliweka chumba cha tanuri. Akiulizwa, alijibu, "Ndiyo." "Hapana." "Nimeshakula." Neno mama alikuwa halitumii.

Na mikate ikalala. Siku baada ya siku Mwokaji alitoka na sinia limejaa akarudi nalo limejaa. Vijana wa Kamanda hawakuja tena kufuata ya bure. Watoto walimwita Mama Huruma, na midomoni mwao lilikuwa tusi. Mwenye duka la unga alimwambia hakuna unga, wakati magunia yalikuwa yanaonekana nyuma yake, na wala hakujisumbua kuyasogelea ayafiche.

Binti ndiye aliyechukua sinia. Hakuomba ruhusa. Alijifunga kitambaa kichwani, akatoka, akarudi na sinia tupu na unga aliouziwa. Siku iliyofuata watu walianza kuja wenyewe, wanapanga mstari dirishani, upande wa barabara. Mwokaji alibaki nyuma ya ukuta na unga wake. Ukuta ulikuwa mwembamba.

"Hii umeoka wewe?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

"Yule mama yako hajagusa?"

"Hajagusa. Mikono yake haiingii humu."

Mikono yake ilikuwa imezama kwenye unga hadi karibu na viwiko. Aliendelea kukanda. Siku nyingine alimsikia muuza mkaa akitania, "Na Mama Huruma hajambo? Hajaokota mwingine?" Wateja wakacheka, na ndani ya kicheko hicho alikisikia cha bintiye, kifupi, kikavu, cha kuendesha biashara. Alijua kwamba bila kicheko hicho wasingekula. Hakujua ni kiasi gani chake kilikuwa cha biashara.

Jioni moja, dirisha likiwa limeshafungwa, Binti aliingia na sinia, akaliegemeza ukutani. Hakwenda kwenye godoro lake. Alisogeza kiti upande wa pili wa meza, akakata donge nusu, akaanza kukanda. Walikanda kwa muda mrefu, kila mmoja kwa mwendo wake.

"Ningempiga," Binti alisema mwishowe. "Usije ukadhani ningeshindwa."

Mwokaji aliligeuza donge lake, akalikunja, akalikandamiza.

"Najua usingeshindwa," alisema.